Chai ya Mama Imebadilika

Alipokuwa mtoto aliuliza maswali mpaka kaka zake wakachoka, wakampa jina la Mbona. Mbona mwezi unatufuata? Mbona kuku hana meno? Jina likamganda. Akakua nalo, akajifunza cherehani nalo, akaolewa nalo. Siku alipoingia nyumbani kwa mumewe, mama mkwe alimuuliza, "Nikuiteje, mwanangu?" Akajibu, "Niite Mbona tu, Mama. Hata ukiniita vingine nitakuuliza mbona." Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo wakawa chanda na pete.

Mama mkwe alikuwa mjane mwembamba, mgongo umenyooka kama rula. Alikuwa amestaafu kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, na kazi yake huko ilikuwa kuchanganya manukato. Wenzake walimwita Pua, naye aliliona jina hilo kuwa heshima. Akiwa sebuleni angeweza kusema, "Wali unaanza kushika chini," na ukifunua sufuria ukakuta kweli. Wateja wa Mbona walipoleta vitambaa, Mama alivipokea, akavivuta karibu na uso kidogo tu, akasema, "Hiki kimekaa sandukuni na dawa ya nondo," au, "Huyu dada ana mtoto mchanga." Hakukosea.

Kila alasiri, mwanawe aliporudi kutoka kazini, Mama alipika chai. Mwanawe huyo, mume wa Mbona, alikuwa fundi umeme, na alirudi na vumbi la kuta alizotoboa limemjaa kwenye nyusi. Chai yenyewe haikuwa na majani ya chai. Mama alikata mchaichai uliostawi kwenye ndoo kuukuu kando ya mlango wa nyuma, akaponda tangawizi, akatia iliki, karafuu na mdalasini. Viungo alivisaga mwenyewe, akavihifadhi kwenye makopo yanayofanana kama mapacha, bila alama yoyote.

"Mbona huyaandiki majina, Mama?" Mbona aliwahi kumuuliza.

"Majina ya nini? Kopo likifunguliwa linajitaja lenyewe."

Kisha yakaja mafua. Yalipita nyumba nzima, lakini kwa Mama yaliweka kambi. Alilala, akakohoa, akapungua. Hatimaye akainuka, akafunga kanga yake kiunoni, akarudi jikoni, na wote wakashukuru.

Alasiri ya mambo kuanza kwenda kombo, fundi alipiga funda la kwanza la chai, akalishikilia mdomoni kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Akameza.

"Mama, hii chai au mchuzi?"

"Chai, baba. Umeona wapi mchuzi ukinywewa kikombe?"

Mbona naye akaonja. Binzari nyembamba! Badala ya mdalasini, kikombe kilijaa binzari, ile ya kutia kwenye nyama. Akamtazama mama mkwe. Mama alikuwa anakunywa chake taratibu, kana kwamba hakuna jambo. Alipoona nyuso zao, akaweka kikombe chini.

"Makopo yamechanganyika," akasema, akainuka upesi, akaenda kuimwaga yote.

Wakacheka, yakaisha. Lakini siku zilizofuata Mama akatia kwenye uji maziwa yaliyochacha. Kisha akaunguza maharage. Kuunguza maharage si ajabu, kila mpishi ameyaunguza. Ajabu ni kwamba Mama alikuwa papo hapo jikoni, amelipa jiko mgongo, anachambua mchele huku anaimba, na moshi umeshamfikia Mbona kwenye cherehani yake chumba cha mbele.

Usiku ule ule fundi alimpigia simu dada yake. Dada huyo, wifi yake Mbona, alikuwa mwalimu, mkubwa kuliko fundi, mwanamke asiyejua kuremba maneno. Hata bila spika sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Anaanza kusahau," alisema wifi. "Ndivyo inavyoanza. Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu kuna dada wa kazi, Mama hatagusa hata sufuria. Msubiri nini, achome nyumba?"

Simu ilipokatika, Mbona alimuuliza mumewe, "Anasahau nini?"

"Hukuyaona maharage?"

"Maharage nimeyaona. Nauliza anasahau nini. Jana kanitajia kipimo cha kiuno cha mteja niliyemshonea mwaka juzi, akanikumbusha mpaka rangi ya uzi. Mbona anasahau jikoni tu?"

"Wewe na mbona zako," fundi akasema, akageukia ukutani. Lakini hakulala upesi. Mbona alimsikia akivuta pumzi za mtu anayemuwazia mama yake.

Basi Mbona akaanza kuchungulia. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Swali likishamwingia halitoki mpaka lipate jibu, kama kipande cha nyama kwenye jino. Aliacha mlango wa chumba cha cherehani wazi, akasogeza kiti mpaka akaweza kuona pembe moja ya jikoni. Akamwona Mama akifungua kopo, akilitazama ndani kwa muda mrefu, akilipeleka dirishani penye mwanga, kisha akilowesha kidole na kuonja. Akafunga. Akafungua jingine. Mama huyu, ambaye makopo yalikuwa yanamtajia majina!

Halafu akaja bwana mmoja kupunguziwa suruali. Alikuwa amejipulizia marashi kiasi kwamba hata nzi waliaga. Mbona alipima suruali huku amebana pumzi. Zamani Mama angepiga chafya mara moja na kutafuta kisingizio cha kwenda uani. Safari hii alivuta kigoda, akaketi bega kwa bega na yule bwana, wakaongea habari za bei ya vitunguu mpaka kazi ikaisha.

"Mama," Mbona alisema bwana alipoondoka, "yule mtu ananukia, ama?"

"Ananukia vizuri," Mama akajibu haraka, akaingia ndani.

Siku moja kabla ya Jumamosi, asubuhi, Mbona alitoka kumpelekea mteja gauni mtaa wa pili. Alirudi mapema kuliko alivyotarajia. Alipofungua mlango wa mbele, harufu ya gesi ikamkaba koo. Alikimbilia jikoni. Mama alikuwa ameketi mezani, tangawizi imeshapondwa, sufuria ya maji imetulia juu ya jiko. Maji yalikuwa yamechemka, yakafurika, yakazima moto, na gesi ikawa inatoka kimyakimya. Mkononi Mama alishika kiberiti. Njiti ilikuwa tayari kati ya vidole.

"Umerudi, mwanangu? Huu moto umezimika, ngoja niu—"

"Mama, usiwashe!"

Mbona hakujua kwamba alikuwa na sauti ya namna ile. Kiberiti kilianguka, njiti zikatawanyika sakafuni. Alifunga mtungi, akafungua dirisha na mlango wa nyuma, akamshika Mama mkono, wakatoka uani. Wakaketi ngazini karibu na ndoo ya mchaichai. Mama alimtazama Mbona, akautazama mlango, akamtazama tena.

"Kuna nini?" akauliza. Na katika macho yake palikuwa na hofu ya mtu anayesikia watu wakikimbia asijue wanakimbia nini.

Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Mtu akisahau, husahau jina, husahau siku, husahau alipoweka ufunguo. Lakini gesi haihitaji kukumbukwa. Gesi inakupiga kofi. Mama hakuwa amesahau. Mama hakupigwa.

Hewa ilipokuwa safi, Mbona aliingia chumba cha cherehani. Akachota vifungo vya mashati kwenye kisanduku, akavifunga ndani ya leso safi, akarudi uani. Moyo ulimuuma kwa alilotaka kufanya, lakini miguu ilikwisha kufika.

"Mama, hebu ninusie hizi iliki. Mwenye duka anasema ni mpya, mimi sina hakika."

Mama alipokea leso. Akaiinua puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama alivyokuwa akifanya siku zote, kwa madaha yote ya kiwandani.

"Mpya," akasema. "Nzuri sana. Nunua tena."

Mbona hakuipokea leso. Mama akashtuka. Akaifungua leso mwenyewe. Vifungo vyeupe vikamwagika mapajani, kimoja kikabingirika mpaka chini ya ngazi.

"Umenitega," Mama akasema polepole. "Mimi. Umenitega kama panya."

"Nisamehe, Mama."

"Tangu lini umejua?"

"Sasa hivi. Mbona hukusema?"

Mama alikiokota kifungo kimoja, akakigeuzageuza. "Nilidhani mafua yakiisha itarudi. Yakaisha, haikurudi. Asubuhi naamka, najaribu sabuni. Hakuna kitu. Najaribu kitunguu. Machozi yananitoka, harufu hakuna. Nikasikia mnanong'ona kwamba nazeeka, nasahau. Nikasema, acha waseme hivyo. Kusahau kila mtu anasahau, hata ninyi. Lakini Pua asiye na pua ni nani?"

Mbona alimkumbatia, naye Mama akaruhusu kukumbatiwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Baadaye akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usiwaambie," akasema.

"Kuhusu gesi siwezi kunyamaza, Mama. Hicho kiberiti bado nakiona. Lakini kesho wifi anakuja na begi la kukubebea nguo. Waambie wewe mwenyewe, wasisikie kwangu."

"Na kama nikiwaambia, bado wakanichukua?"

"Basi tuwaoneshe unachoweza. Kwanza twende hospitali."

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa kijana mpole mwenye mikono baridi. Alimulika, akauliza, akamnusisha Mama vichupa vilivyofungwa karatasi. Kisha akasema mafua makali huweza kuumiza mishipa inayobeba harufu. Wengine hupona kwa wiki, wengine miezi, wengine hawaponi kabisa. Akamshauri kila asubuhi na jioni anuse vitu vichache anavyovijua vizuri, kama karafuu na limau, huku akikumbuka jinsi vilivyokuwa.

"Nijifunze kunusa?" Mama alisema walipotoka. "Ni kama kumfundisha samaki kuogelea."

"Samaki aliyeugua," Mbona akajibu, na Mama akaguna, lakini mdomo ulimcheza.

Waliporudi, jua lilikuwa bado la alasiri. Mbona aliwasha jiko yeye, akaweka maji. "Haya, Mama. Nina swali."

"Huna siku ambayo huna."

"Tangawizi huinusi. Ukiitafuna je?"

Mama alitafuna kipande. Akakunja uso. "Inaungua. Hapa kooni. Naisikia mpaka masikioni."

"Karafuu?"

Aliiweka juu ya ulimi, akangoja. "Inatia ganzi. Kama kwa daktari wa meno." Akaitoa, akaitazama kwa mshangao. "Miaka yote hii sikuwahi kuangalia inafanya nini ulimini. Nilikuwa na haraka ya kuinusa."

Udadisi ukamwingia sasa yeye. Akavuta kigoda, akataka kila kitu kiletwe. Makopo ya unga yakawekwa kando, maana unga wote ni ndugu. Badala yake wakachukua viungo vizima: kijiti cha mdalasini ambacho hata kipofu anakijua kwa kukipapasa, iliki yenye ganda lake, karafuu yenye kichwa chake. Mdalasini ulimpa utamu wa mbali kidogo, kisha ukavu kwenye fizi. Iliki alipoitafuna alisema kuna ubaridi, kama mtu kafungua dirisha nyuma ya ulimi. Mchaichai haukumpa chochote. Alitafuna jani, akatafuna jingine, akatikisa kichwa.

"Huu umenitupa kabisa."

"Huo niachie mimi," Mbona akasema. "Mimi nitakuwa pua, wewe uwe mengine yote."

Maji yakaanza kuchemka. Mama akainua mkono. "Sikiliza. Sasa yanalia nyembamba. Viungo vigumu viingie sasa." Akatia mdalasini, karafuu, iliki alizozipasua kwa kisu, na tangawizi. Baadaye akasema, "Sasa sauti imenenepa," akachungulia. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya majani makavu. "Punguza moto." Mchaichai ukaingia mwisho, umefungwa fundo. Mbona akainama juu ya mvuke.

"Bado... bado... Mama, sasa!"

Wakaepua, wakafunika, wakangoja. Walipokunywa, Mama alisema tangawizi ni nyingi. Mbona alisema mchaichai ni mwingi. Walibishana kama wachuuzi, wakapika tena. Fundi aliporudi alikuta wanawake wawili wamezungukwa na vikombe, mmoja anatafuna karafuu, mwingine pua iko ndani ya sufuria.

"Kuna usalama?" akauliza.

"Oga kwanza," wakamwambia kwa pamoja.

Wifi alifika Jumamosi, begi tupu begani. Alimwamkia mama yake, akambusu, akamtazama kwa jicho lile ambalo watu humtazamia mgonjwa. Mama akamwambia aketi. Akaleta chai mwenyewe, akamimina.

Wifi akanywa. Akanywa tena. "Mama, chai imebadilika."

"Nzuri au mbaya?"

"Nzuri. Lakini si ile."

"Aliyeipika naye si yule," Mama akasema. Kisha akawaambia yote, tangu mafua mpaka kiberiti. Alipofika kwenye kiberiti sauti ilimpungua, lakini hakuruka kitu. Fundi alifunika uso kwa viganja. Wifi machozi yalimtoka, na baada ya machozi hasira.

"Mbona hukutuambia?"

"Mimi?" Mbona akashtuka.

"Siyo wewe! Namwuliza Mama!"

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Mama, na wifi akacheka huku bado analia.

Hayakuisha kwa kicheko tu. Wifi alishikilia kwamba Mama bado aende kwake, maana hatari ni hatari hata isipokuwa usahaulifu. Mama akasema kwamba akili zake zikiondoka atabeba begi lake mwenyewe, ila pua peke yake haihamishi mtu. Walivutana hivyo mpaka fundi akakohoa. Akasema kipo kifaa kidogo kinachofungwa ukutani, gesi ikivuja kinapiga kelele mpaka majirani wanajua, naye ameshawafungia watu wengi ilhali kwa mama yake hajafunga. Alisema maneno hayo kwa aibu. Wakakubaliana: kifaa kifungwe, jiko liwashwe mtu mwingine akiwepo nyumbani, na chakula kilichokaa kinuswe na mwenye pua.

"Na kama hawataki kunusa?" wifi akauliza.

"Basi na wale," Mama akasema. "Watajua tumboni."

Alipomiminiwa kikombe cha pili, Mama alikishika kwa mikono miwili, mvuke ukampanda usoni. Alifumba macho kama alivyoagizwa na daktari.

"Hebu niambieni," akasema. "Inanukiaje?"

Wakatazamana. Swali lilionekana jepesi mpaka kila mmoja alipofungua mdomo.

"Inanukia vizuri," fundi akasema.

"Hata shati jipya linanukia vizuri. Sema."

"Iliki inanukia kama... kama iliki, Mama."

"Wewe rudi kwenye nyaya zako. Mwalimu?"

Wifi aliinamia kikombe chake. Alikaa hivyo muda, midomo inacheza kama mwanafunzi anayetafuta jibu ubaoni. "Mchaichai ni kama limau lisilokuwa na hasira," akasema mwishoni. "Limau lililolala."

Mama hakufungua macho. "Endelea."

"Karafuu ni kama kabati la zamani," fundi akajaribu tena, taratibu. "Kabati la mbao, nguo za Baba zikiwa ndani."

Uso wa Mama ulitikisika. Akavuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Na mdalasini, Mbona? Wewe ndiye pua yangu."

Mbona aliunusa, akaunusa tena. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliulizwa swali ambalo hakutaka kulijibu haraka. Alisogeza kiti chake karibu na cha mama mkwe, wakaweka vikombe viwili kando kwa kando, mvuke wa kimoja ukachanganyika na wa kingine.

"Ngoja kwanza, Mama," akasema. "Huu una mambo mengi. Tuanze na ile harufu inayotangulia kufika."